Saa Kumi Ipi?

4 Juni

Mpwa wangu Chiriku,

Pokea salamu zetu zote. Huku hatujambo, ukiacha magoti ya mkazamjomba wako, ambayo siku hizi yanatabiri mvua na kukosea, na kuku wangu wawili walioamua kwenda kutaga kwa jirani. Binamu yako amepata kazi ya kuchomelea mageti. Amenunua miwani nyeusi na sasa haivui hata tukiwa mezani, tunamwita Waziri. Masikio yangu yako vilevile. Miaka thelathini na moja chini ya honi ya bandari, unafikiri mchezo? Mtu akinipigia simu nasikia ugomvi wa nyuki tu.

Naandika kwa sababu ya mama yako. Kaa chini, hajafa, hata kikohozi hana. Shida ni nyumba. Unaijua nyumba yenu ya chini, ngazi tatu kutoka barabarani, ukuta wa nyuma unaangalia maji. Bamvua ya mwezi uliopita, maji yanapojaa kupita siku zote, yalipanda ngazi mbili. Bamvua ya mwezi huu yakapanda mbili na vidole vitatu. Sikusimuliwa na mtu, nilikwenda mwenyewe na rula yangu ya mkononi. Mtu huacha kazi, lakini kazi haimwachi.

Nikamwambia, "Dada, chumba cha uani kwangu kiko wazi. Nimekipaka chokaa. Njoo tukae mlimani." Akanitazama kama niliyemwambia aolewe tena. "Mimi nikae uani kwa mdogo wangu, kama mpangaji?" Nikamwambia maji yanapanda. Akasema, "Umestaafu kupima maji, sasa unayapima bure." Tumebishana wiki nzima mpaka majirani wakawa wanazima redio ili wasikilize. Mwisho akatoa neno, na neno la mama yako unalijua: "Mtoto wangu yuko kule maji yanakotoka. Akisema nihame, nitahama siku hiyohiyo. Akisema nikae, nitakaa. Asiposema, usinisumbue."

Nikamwambia basi mwandikie. Akasema siku ulipoondoka alikwambia usimwandikie, umwandikie mjomba wako aliyekufundisha kuhesabu maji, na yeye hawezi kuwa wa kwanza kuvunja. Mimi sikuuliza zaidi. Mambo ya mama na binti yake nayaogopa kuliko ile honi.

Bamvua kubwa kuliko zote za mwaka huja mwezi wa tatu. Tuna muda, lakini si mwingi. Nijibu, Chiriku: ahame au akae? Neno moja linatosha.

Mjomba wako,
Mzee Rula

15 Julai

Mjomba, shikamoo,

Barua yako imefika leo na ndege ndogo inayotuletea chakula mara moja kwa mwezi. Nimecheka peke yangu hadi mpishi akachungulia. Mpe pole mkazamjomba, na mwambie Waziri avue miwani kabla hajachomelea kidole chake. Mimi sijambo. Jua halizami huku tangu mwezi wa tano. Nimebandika blanketi dirishani ili nipate kulala, na bado nalala kama mtu aliye stendi anangoja basi.

Nilitaka nikupe hilo neno moja. Nimekaa nalo saa nzima. Silijui.

Ngoja nikueleze ninachokiona. Mwezi wa nne nilitoboa barafu kwa bomba la mvuke nikasimika vijiti ishirini na sita, kila kimoja kimezama mita tatu. Barafu ikiyeyuka, kijiti kinaota nje, nasi tunapima kimeota kiasi gani. Hesabu ya mkubwa wetu, tunamwita Bwana Makadirio, ilisema hadi mwisho wa kiangazi vitaota mita moja na nusu. Kiangazi hakijafika nusu, Mjomba. Kumi na moja vimeshalala chali. Hakuna barafu ya kuvishika. Bwana Makadirio anazunguka nje na karatasi zake. Anasema hali hii aliiandika kwa ajili ya wajukuu wake, si yeye.

Basi nitakuambia mama ahame? Ngoja. Barafu hii ni kubwa hata inayavuta maji ya bahari yaje upande wake, kama mtu mnene anavyobonyeza godoro hata wenzake wakamsererekea. Ikipungua, maji yanaliacha eneo hili na kwenda mbali. Kwa hiyo huku kambini, penye barafu inayokwisha, maji yanashuka. Kwenu ndiko yanakopanda. Lakini kwa kiasi gani, kwenye bandari yenu, kwenye ngazi ya tatu ya nyumba ya Mama? Hapana mtu hapa anayejua. Wanajua bahari yote kwa jumla. Mlango mmoja hawaujui.

Wewe ndiye unayeujua. Ninaomba namba zako. Ninakilie siku za bamvua tu, tangu daftari la kwanza hadi la mwisho: tarehe, saa na kimo cha maji. Nitaziingiza kwenye kompyuta ya hapa, halafu nitakupa neno lako.

Mwambie Mama namsalimu. Kama hataki salamu, usimwambie.

Mpwa wako

22 Agosti

Chiriku,

Salamu. Mkazamjomba wako amepona magoti, sasa ni bega. Kuku mmoja amerudi nyumbani, na aibu hana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Barafu inayeyuka, maji yanashuka. Halafu yanapanda. Yanapanda kwetu kwa kuwa yameshuka kwenu. Nimemweleza mama yako habari ya mtu mnene na godoro, akauliza, "Mnene ni nani?" Nikasema barafu. Akasema, "Basi aamke." Na salamu zako nilimpa. Alinikaribisha chai, na kikombe alichonipa ni kile cha kwako chenye mpasuko. Sijui maana yake. Wewe ndiye mwanawe.

Namba zako hizi hapa, kurasa kumi na nane, mkono umekufa ganzi. Madaftari saba ya jalada jekundu ni ya tangu siku yangu ya kwanza kazini. Yanayofuata ni zile fomu za bosi mpya, aliyekuja na tai na kutaka kila kitu tukiandike kwa mtindo wake wa ofisini. Tuliandika. Bosi ni bosi. Lakini rula, ule ubao wa kupimia maji uliokongomewa gatini, ilikuwa ileile, ukuta uleule na macho yaleyale, na bamvua zote nilizisoma maji yakiwa yamejaa kabisa, hayaendi mbele wala hayarudi nyuma. Bosi alikuwa akiniambia nikisoma mapema niende nyumbani. Sikwenda hata siku moja.

Mimi bila kompyuta nakuambia: maji yamepanda. Siku yangu ya kwanza, bamvua ilikuwa ikilowesha pete ya chuma ya kufungia mitumbwi ya forodha. Siku niliyostaafu, ile pete sikuiona kabisa. Lakini mama yako hataki macho yangu, anataka neno lako. Amefunga sanduku moja la nguo. Kesho yake amelifungua.

Mjomba

12 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Natumaini bega limepoa. Mimi ni mzima. Tumesogeza mahema mawili, jambo dogo tu. Usiku umerudi, na watu wanasalimiana kwa furaha kana kwamba wametoka jela.

Namba zako zimenichukua mwezi mzima. Nilizichapa mwenyewe, moja moja, sikumwachia mtu. Mwandiko wako haujabadilika. Ile saba yako bado inafanana na jembe. Nilipomaliza, nikaiambia kompyuta ifanye kazi yake, na jibu lililotoka sikulielewa. Nikarudia. Likatoka lilelile.

Sijui nikuulizeje bila kukuudhi. Kompyuta inasema vimo vya madaftari mekundu ni vikubwa mno kwa saa vilivyoandikiwa. Bwana Makadirio kaangalia mara moja tu akasema, "Rula ilihamishwa. Za zamani zote huhamishwa. Mtu anagonga ukuta kwa jahazi, mtu mwingine anaikongomea tena mahali pengine, hakuna anayeandika." Kompyuta nayo imeunga mkono: imezinyoosha namba zako za zamani, imezishusha ili zilingane na za fomu. Na zikishushwa hivyo, Mjomba, maji hayapandi tena kama unavyosema. Yanapanda ukubwa wa ukucha.

Naomba uniambie kitu kimoja. Kati ya madaftari mekundu na zile fomu, je, rula iliwahi kuhamishwa? Kama haikuhamishwa, kompyuta imekosea na mimi sijui kwa nini. Kama ilihamishwa, basi Mama anaweza kukaa. Niandikie haraka. Ndio au hapana.

Mpwa wako anayekuheshimu

8 Novemba

Chiriku,

Huku ni wazima. Bega limepoa. Kuku wa pili hajarudi. Mvua ilinyesha Jumanne na Alhamisi. Waziri amechomelea geti la shule, limefunguka upande usiotakiwa.

Mama yako hajambo.

Mzee wa Rula Iliyohamishwa

12 Desemba

Mjomba, shikamoo, shikamoo tena,

Barua yako ya mistari mitano nimeisoma kuliko zote zilizokuwa ndefu. Nimejua umekasirika. Kisichonitoka akilini ni hasira yenyewe ni ya namna gani. Mtu anayesingiziwa hukasirika. Na mtu aliyeguswa pale alipoficha naye hukasirika. Nakufahamu tangu nikiwa naning'inia kwenye mkono wako pale gatini, na bado sikuweza kujua.

Nilikuuliza ndio au hapana, ukaniambia mvua. Wewe ambaye hujawahi kuacha mstari mtupu kwenye daftari! Nimemwonyesha Bwana Makadirio. Akasema ukimya wa mzee kazini ni ndio. Nilimbishia, halafu nikachoka kumbishia. Huku ni giza mchana kutwa sasa. Nafungua mlango saa za kazi naona nyota. Akili inakuwa nzito.

Mjomba, ndege inaondoka kesho na nyingine ni mwezi ujao. Mama anasubiri neno, na mwezi wa tatu hauko mbali. Siwezi kumtoa mama yangu katika nyumba aliyomzikia mume wake kwa sababu ya pete ya chuma uliyoiona wewe. Hesabu niliyonayo ni moja tu, na inasema akae.

Basi mwambie akae. Mwambie ni mimi nimesema. Kama ni kosa, ni langu.

Nafunga bahasha kabla sijabadili neno.

Mpwa wako

9 Januari

Mjomba!

Usimsomee Mama barua iliyopita. Kama umeshamsomea, nenda sasa hivi ukamwambie siyo. Nisamehe sijaanza na salamu. Shikamoo. Rula haikuhamishwa! Niliyehama ni mimi.

Sikiliza. Jana nilikuwa ofisini najaza daftari la zamu. Saa ya ukutani inaonyesha 10:00, na dirishani kweusi kabisa. Nikasema kwa sauti, peke yangu, kwa lugha yetu: "Jamani, saa nne asubuhi na giza lote hili!" Halafu nikasikia nilichosema. Saa nne. Ukutani imeandikwa kumi, na mimi nimesema saa nne.

Nikaenda kuvuta zile kurasa zako kumi na nane. Madaftari mekundu, kila bamvua: saa 10, saa 10 na robo, saa 10 kasoro robo. Na mimi, msomi wenu, nimechapa 10:00, 10:15, 9:45. Mjomba, saa kumi yako ni saa kumi jioni, watu wanatoka kazini! Maji yamejaa juu kabisa. Mimi nimeiambia kompyuta umeyasoma saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, mawe yako nje. Kompyuta ikashangaa maji yaliyokupwa yawezaje kuwa juu hivyo, ikaona heri iseme rula ilikaa vibaya. Zile fomu za bosi mwenye tai zimeandikwa 16:00, kwa hiyo hizo nilizisoma sawa. Za mkono wako mwenyewe ndizo nilizoziharibu.

Nimezirudia zote kwa saa zetu. Hakuna cha kunyoosha. Rula yako imesimama mahali pamoja miaka thelathini na moja. Maji yamepanda karibu shibiri nzima, na nusu yake yamepanda katika miaka tisa ya mwisho. Ni pete yako ileile. Uliniambia tangu mwezi wa nane, bila kompyuta. Na mimi kwa barafu hii ninayoiona ikiondoka mbele yangu ilinipasa nijue. Sijui nilikuwa nasoma kwa macho gani.

Bamvua ya mwezi wa tatu itapita kizingiti cha Mama. Upepo ukiwa wa baharini, itafika magotini. Mwambie ahame. Mwambie nilisema akae, nilikosea, nasema ahame.

Nimeomba simu ya kambi, ile ya dharura. Nikapewa dakika mbili. Nimekusikia ukisema "Haloo? Nani? Haloo?" mpaka zikaisha. Ukamwambia mtu, "Ni nyuki tena."

Mimi

14 Januari

Chiriku,

Salamu. Barua yako ya mwezi wa kumi na mbili imefika jana. Nimemsomea mama yako.

Amehamia kwangu, chumba cha uani. Waziri alimbebea kabati. Mkazamjomba wako amempa mto wake mzuri, sasa analala bila mto na ananilaumu mimi. Usiwe na wasiwasi wowote. Fanya kazi zako.

Mjomba

10 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nimepata barua yako ya tarehe kumi na nne. Kwanza nimelia kwa furaha. Halafu nikaisoma tena. Nami naomba uniambie kama mtoto mdogo anavyoambiwa.

Barua yangu ya mwezi wa kumi na mbili ilisema Mama akae. Umemsomea, naye akahama. Imekuwaje? Tarehe hiyo barua yangu ya pili ilikuwa haijafika kwenu, hata haijavuka nusu ya njia. Mama alikwambia nikisema akae, atakaa. Nikasema akae. Akafunga kabati.

Au sikuandika "akae"? Sina nakala. Mwezi ule usiku na mchana vilikuwa kitu kimoja huku, inawezekana niliandika lisilokuwa moyoni. Au nimeandika lililokuwa moyoni, hata hilo silijui.

Mjomba, ulimsomea nini?

Mpwa wako

12 Februari

Mpwa wangu,

Naandika mbele ya mama yako. Amekaa hapa mezani na anasoma kila neno ninaloandika, kwa hiyo leo utapata ukweli mtupu.

Mwezi uliopita nilidanganya. Barua yako ilisema akae. Nilisimama nayo pale mlangoni kwake, miwani puani, yeye amekunja mikono anasikiliza. Nilipofika kwenye lile neno, nikaona nyuma yake ukuta wenye chumvi mpaka juu ya soketi ya umeme. Nikasoma, "Mama ahame." Nikasoma kwa sauti nzuri, nikaongeza na "nakuomba sana mama yangu", ambalo hukuliandika. Akauliza, "Amesema mama yangu?" Nikasema ndiyo. Akaanza kushusha mapazia papo hapo, analia. Chiriku, sijawahi kumwona dada yangu akilia, hata kwenye msiba wa baba yako alikuwa anagawa viti. Nilitaka kusema ukweli, nikaona bora aniue baadaye.

Siku zile ulizoniuliza habari ya rula nilishindwa kukujibu kwa uchungu, basi. Miaka thelathini na moja natetea kipande cha ubao ukutani, halafu mtoto niliyemfundisha kukisoma ananiuliza kama nilikisogeza. Ilinipasa niandike "hapana". Herufi sita. Nilizinyima, na kwa hizo herufi sita ukaandika "akae". Kosa hilo ni langu, usinipokonye.

Sasa jana nilikwenda kumsaidia Waziri kugeuza lile geti la shule. Mleta barua akaja na barua yako ya saa kumi. Imeandikwa jina langu, lakini mama yako akaona mwandiko wako, akaifungua. Akasoma kwa macho yake: "Nilisema akae, nilikosea." Nilipofika nyumbani nikamkuta amesimama uani, barua mkononi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nimemweleza habari ya saa. Nimemchorea mchangani maji yakijaa na yakikupwa. Nimemwambia sasa sote tunasema neno moja, wewe, mimi na kompyuta: asirudi kule. Anasema sisi watatu tumeshasema kila neno lililopo. Amenipokonya kalamu.

*

Mwanangu. Ni mama yako anaandika.

Wewe ulisema nikae, ukakosea. Huyu akasema umesema nihame, akadanganya. Sasa unasema nihame. Mimi nimwamini nani, na kwa saa ya nani? Nilitoka kwangu kwa sababu nilisomewa "nakuomba sana mama yangu". Kumbe ni maneno ya mdogo wangu. Nimelala mwezi mzima kwenye mto wa mtu kwa ajili ya maneno ambayo hukuyasema.

Jumatatu narudi nyumbani kwangu. Mapazia nimeshayakunja.

Nilikwambia usiniandikie. Mambo mangapi nilikwambia tangu uzaliwe hukuyasikia? Hilo moja ndilo ukalisikia. Kama una neno, njoo uniambie usoni.

Mama

13 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yenu imefika jana. Ndege iliyoileta inaondoka kesho, na mimi nimo. Nimemwambia Bwana Makadirio, akasema msimu unaanza na vijiti vipya havijasimikwa. Nikamwambia barafu itaendelea kuyeyuka hata nisipoitazama. Akarudi kwenye karatasi zake. Siku hizi ni kawaida yake.

Sina cha uhakika cha kukuletea, Mama. Hesabu ya kwanza ilisema maji hayafiki kizingiti, ya pili inasema yanapita. Zote mbili nimezifanya mimi, kwa mkono huuhuu. Nilimwandikia Mjomba kwamba tumesogeza mahema. Sikusema kwamba hema langu lilikwenda na maji ya barafu iliyoyeyuka nikiwa kazini, mahali ambapo hesabu yangu mwenyewe ilisema ni salama kwa miaka ishirini. Kitanda, viatu na picha yako, vyote vilikwenda. Niliona aibu kuwaambia. Basi ujue kwamba anayekuambia uhame ni mtu ambaye hakuona maji yakija chini ya kitanda chake.

Sikukuandikia kwa sababu uliniambia nisikuandikie. Nilidhani kutii ndiko kutakakokurudisha kwangu. Kila mwezi nilikuwa nakuandikia kupitia kwa Mjomba, natafuta mahali pa kukutia kwenye barua yake, napata mstari mmoja wa mwisho. Yale maneno aliyoyasoma mlangoni sikuyaandika, ni kweli. Aliyatoa wapi, sijui. Labda ameyaona kwenye barua zote mahali ambapo mimi sikuyaweka.

Bamvua ni tarehe ishirini na nne. Nikipata ndege zote tatu bila kuchelewa, nitafika ishirini na moja. Barua hii siitii kwenye mfuko wa posta. Naibeba mwenyewe. Nikifika mlangoni nikashindwa kusema, nitakupa uisome, nami nitakuwa nimesimama mbele yako.

Nakuomba sana, mama yangu. Uhame.